Termosi Bila Nailoni

"Apana," Hamimu akasema.

Basi, hivyo tu. Nimetoka Jabe kwa miguu mpaka Buyenzi, jua la saa nane liko juu ya utosi, duka nimemwachia jirani, wanja nimepaka kwa ajili yake, halafu mwanaume ananijibu neno moja bila hata kuinua uso. Alikuwa ameinama juu ya meza yake ya kazi, anapiga msasa kipande cha alumini, na vumbi jeupe limemjaa kwenye nyusi.

"Apana nini? Sijamaliza hata kuongea!"

"Umemaliza. Umesema termosi niifunike nailoni. Mi nimesema apana."

"Mara moja tu, Hamimu! Siku ya Jumapili, saa moja peke yake. Wakishaipokea waivue, waichome, waitafune, shauri yao!"

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha upande mmoja wa mdomo. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza tangu mwanzo. Mwaka jana alikuja dukani kwangu kuuliza kama ninauza vioo vya ndani vya termosi, nikamwambia hapa tunauza termosi nzima, akacheka hivyo hivyo, na usiku ule sikulala. Sasa kilinichemsha damu.

Kwa asiyejua kisa, ngoja nimweleze. Hamimu anatengeneza termosi. Anayeyusha alumini ya sufuria zilizotoboka, anaunda mwili, anauvika ganda la mgomba lililosukwa vizuri mpaka utasema ni kikapu kidogo cha bibi harusi. Chini anaweka skrubu nne. Kioo kikivunjika hutupi kitu: unafungua skrubu nne, unatoa kioo kibovu, unaingiza kipya, unakunywa chai. Zile nyingine za plastiki ninazouza dukani, kioo kikivunjika imekufa yote, inakwenda kwenye mtaro.

Mi nilipoiona nikasema, huyu mutu ana akili. Nikaziweka mbele kabisa dukani. Unajua wateja waliniuliza nini? "Mwanne, hii ilikuwa ya nani?" Kila mmoja! Kwa sababu mjini kwetu kitu kipya ni kile chenye nailoni. Tunanunua viti, nailoni inabaki mpaka ipasuke yenyewe. Rimoti ya televisheni, nailoni. Na kitu chenye skrubu zinazoonekana, watu wanajua kimeshafunguliwa na fundi, kimeshatengenezwa, ni okazi, kitu cha mtumba. Hata Muzee Libère, yule tajiri anayetuuzia vyombo kwa jumla pale Jabe, aliishika, akaigeuza, akamrudishia Hamimu akimwambia, "Kijana, ukimuuzia mutu termosi moja ya maisha yake yote, mi kesho nitamuuzia nini?"

Hayo ningeyavumilia. Biashara ni biashara. Lakini wiki tatu zilizopita wazee wa Hamimu walikuja kwetu kuniposa, na zawadi ya Mama ikawa termosi, kazi ya mikono ya mkwe mwenyewe. Shangazi Fadhila akaigeuza juu chini, akaona skrubu. "Wifi," akamwambia Mama, "wametuletea okazi." Shangazi yangu ndiye mkubwa wetu tangu Baba afariki, na akisema yeye imesemwa. Wageni wakarudishwa na baibui zao na kofia zao, wamenywa soda nusu. Baada ya kubembelezwa sana na majirani akakubali waje mara ya pili, Jumapili hii. Mara ya tatu hakuna. Alisema hivyo akiniangalia mimi.

"Hamimu," nikasema, nikajaribu kuishusha sauti yangu, jambo ambalo sijalizoea. "Unanipenda?"

Akaacha msasa. Macho yake yalinijia polepole, ya kahawia, yamechoka, na moyo wangu ukafanya ujinga wake wa kila siku.

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Ninakupenda, Mwanne. Wallahi ninakupenda mpaka ninakosea vipimo."

"Basi kwa ajili yangu, nailoni moja."

Akanishika mkono, akanitoa nje nyuma ya karakana. Pale kuna mtaro, na hatua chache chini ya mtaro kuna nyumba ya mama yake, ukuta una alama ya maji inayofika kwenye kiuno changu. Mtaro ulikuwa umejaa plastiki, mifuniko, vipande vya termosi za rangi rangi, na nailoni zimeshikana na matope. Jembe lake lilikuwa limeegemezwa pale pale.

"Kila mvua ikinyesha ninashuka humu," akasema. "Mama yangu anakaa juu ya meza, mi ninachota hivi vitu kwa mikono. Mwaka jana kitanda chake kiliondoka na maji. Halafu wewe unataka nianze ndoa yangu kwa kuongeza nyingine?"

"Moja, Hamimu! Moja haitaziba mtaro!"

"Kila mutu anasema hivyo hivyo."

"Wewe unaoa mke au unaoa mtaro?"

Niliposema hivyo nikajuta, lakini mdomo wangu ndivyo ulivyo, unatangulia. Uso wake ukafunga. Akaniachia mkono.

"Ninataka kuoa mutu ambaye haionei haya kazi yangu," akasema.

"Haya? Mimi? Mimi ninayegombana na wateja kila siku kwa ajili ya skrubu zako? Nani mwingine Bujumbura nzima anazitetea? Franchement, kusema kweli, Hamimu, unanikosea!" Machozi yalikuwa yanakuja na sikutaka ayaone, kwa hiyo nikazidi kupiga kelele. "Wewe ubaki na haki yako! Itakupikia, itakuzalia!"

"Ile termosi waliyoikataa iko kwako dukani," akasema taratibu, kama hakunisikia. "Mupe Muzee Khaled, baba yangu mdogo, aifunge kwenye kitenge cha mama. Hivyo ilivyo. Wakiikataa, wamenikataa mimi."

"Na mimi je? Wakikukataa wewe, mimi ninabaki na nani?"

Akachukua jembe, akashuka kwenye mtaro, na mvua yenyewe haikuwepo.

*

Ijumaa nilifungua duka na hasira ile ile. Termosi ya Hamimu ilikuwa kwenye rafu, na pembeni yake moja nyekundu ya plastiki, imetoka kwenye katoni, nailoni inang'aa. Nikaziangalia zote mbili. Nikaangalia nje. Halafu nikaingiza ukucha chini ya nailoni ya ile nyekundu, nikaivua taratibu bila kuipasua, kama mutu anayemvua mtoto nguo akiwa amelala, nikaivalisha ya Hamimu. Ilibana kidogo tumboni. Chini nikaikunja, nikaibandika vizuri, skrubu zikapotea.

Ilikuwa imekuwa mpya. Nakuambia, hata mimi ninayeijua niliiona mpya! Nilitaka kuipiga chini kwa uchungu.

Muda si mrefu akaingia Carmen, mteja wangu wa Nyakabiga, anatafuta termosi ya mama mkwe wake. Nikampa ile nyekundu. Akaishika, akaibonyeza, akaitazama usoni kama anayetafuta ugonjwa.

"Hii ilikuwa ya nani?"

"Ya nani vipi? Imetoka kwenye katoni!"

"Mbona haina nailoni?"

"Nimeitoa mimi, Carmen. Sasa hivi."

"Yoo, Mwanne," akasema kwa huruma, akairudisha. "Kama ni okazi sema tu. Tunajuana."

Akaondoka. Nilikaa kwenye kiti changu na kucheka, na kicheko chenyewe kikageuka kikawa kilio. Jioni nikampelekea Muzee Khaled termosi ya Hamimu, nimeshaifunga kwenye kitenge kwa mafundo mawili. Sikumwambia kitu.

*

Jumapili baada ya alasiri walikuja. Mimi nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, nimevaa gauni la kijani, hina imenikauka mikononi. Shangazi Fadhila alinifuata mara ya mwisho.

"Unakumbuka nilichokufundisha?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Nitakuita. Utatoka, utaangalia chini. Nitakuuliza kama umemkubali. Utafanya nini?"

"Nitanyamaza."

"Utanyamaza. Binti akinyamaza, amekubali, tunasoma Fatiha. Akifungua mdomo, hata akisema neno zuri, wazee wanajua kuna jambo. Mwanne, mwanangu, mdomo wako ninaujua toka uzaliwe. Mara moja katika maisha yako, nakuomba."

Nikaapa. Kwa pazia nilikuwa ninaona sebule yote. Muzee Khaled katikati, kofia yake nyeupe, maneno yake matamu. Hamimu karibu na mlango, kanzu imepigwa pasi, kimya, kwa sababu kwetu anayeoa anaweza kuja lakini haongei, wanamsemea wengine. Mama alikuwa amekaa chini ya kabati lake la vioo. Kabati lile lina sahani, vikombe, birika, vyote ndani ya nailoni, vinawangojea wageni. Wageni walikuwepo, na chai waliyopewa ilitoka kwenye termosi ya zamani ya jikoni, imezibwa na kitambaa, chai ya vuguvugu. Na juu ya kabati, peke yake, kuna termosi ya bluu yenye maua. Baba alimnunulia Mama walipopata mtoto wa kwanza, yaani mimi. Kioo chake kilivunjika mwaka aliofariki. Ukiitikisa inalia vipande ndani. Hatukuruhusiwa kuitupa.

"Na hii," Muzee Khaled akasema, "ni ya mama wa binti. Si nyingi, lakini imetoka moyoni."

Shangazi akafungua mafundo. Kitenge kikaanguka. Nailoni ikang'aa.

"Ehee!" Shangazi akapiga makofi. "Sasa! Sasa ninaongea na watu! Wifi, shika, shika uone. Hii ndiyo mpya!"

Mama akaishika kwa mikono miwili, akaipapasa nailoni, akatabasamu. Ilikuwa muda mrefu sijamwona Mama akitabasamu hivyo. "Alhamdulillahi," akasema. "Mkwe ametuheshimu." Akainuka, akafungua kabati, akaiweka ndani, katikati, akafunga mlango wa kioo.

Nikamwangalia Hamimu. Ee Mungu wangu. Alikuwa ameelewa. Macho yake yaliitazama termosi ndani ya lile kabati, kazi yake, imefungwa mara mbili, haitaona chai mpaka Kiyama, halafu yakalifuata pazia, yakanipata. Hayakuwa na hasira. Ningeitaka hasira! Yalikuwa yamekubali, kama ya mutu aliyeshuka kwenye mtaro akachota, akachota, na maji bado yanapanda. Akainamisha kichwa. Angenyamaza. Kwa ajili yangu angenyamaza, angenioa, na kila akija kwa wakwe angekaa chini ya lile kabati akiangalia aibu yake.

"Mwanne!" Shangazi akaita.

Nikatoka. Nikaangalia chini. Niliona miguu ya wazee, mkeka, na viatu vya Hamimu mlangoni amevipaka rangi vizuri.

"Mwanne, binti wa kaka yangu, mbele ya hawa wazee. Hamimu huyu, umemkubali?"

Nikanyamaza. Moja kwa moja nikamsikia Muzee Khaled akivuta pumzi, akainua mikono kuanza Fatiha.

"Shangazi," nikasema.

Mikono ya Muzee Khaled ikabaki hewani. Mama akashika kifua. Mwanamke mmoja wa upande wao akasema "Astaghfirullah" kwa sauti ya chini. Nilipoinua uso nikaona Hamimu amekuwa na rangi ya majivu, maana na yeye anajua desturi, na alidhani ninamkataa.

"Siongei kuhusu yeye. Ninaongea kuhusu nailoni."

"Nailoni gani? Mwanne, nyamaza!"

Sikunyamaza. Nilikwenda kwenye kabati, nikalifungua, nikaitoa termosi, nikaingiza ukucha pale pale nilipoikunja, nikavuta. Ilipasuka kwa sauti mbaya iliyosikika mpaka mtaani. Nikaigeuza. Skrubu nne, zinawaangalia wote.

"Ni ile ile," nikasema, na sasa nilikuwa ninalia wazi wazi. "Ile mliyoikataa. Nailoni niliivua kwenye termosi nyingine dukani, nikaivika mimi. Hamimu hajui. Nilimuomba akakataa, tukagombana. Mmeikataa ikiwa wazi, mmeipenda ikiwa na nguo ya kuazima, na termosi ni moja! Mimi nimechoka. Kila siku dukani ninasema ni mpya, ni mpya, ni mpya! Kama mnamkataa, mkataeni yeye, si nailoni."

Shangazi Fadhila akainuka polepole, midomo imekaza.

"Nilisema mara ya tatu hakuna," akasema. "Muzee Khaled, utanisamehe. Nyumba hii haichezewi."

Muzee Khaled akaanza kutafuta fimbo yake. Hamimu akasimama. Nikaona viatu vyake vikigeukia nje.

"Ngoja," Mama akasema.

Mama yangu si mutu wa maneno, hayo yote nilichukua kwa Baba. Aliichukua termosi mikononi mwangu, akaigusa skrubu moja kwa ukucha, halafu nyingine. Kisha akanyoosha mkono juu ya kabati, akaishusha ile ya bluu. Vipande vikalia ndani. Akamwendea Hamimu mwenyewe, jambo ambalo mama mkwe hafanyi.

"Mwanangu," akasema. "Hii yangu unaweza kuifungua?"

Hamimu akaipokea kama anapokea mtoto. Akaizungusha, akaipapasa chini, akatafuta. Nilikuwa ninamuomba kimoyomoyo aseme ndiyo. Sema ndiyo, Hamimu, mara moja tu danganya.

"Apana, Mama," akasema. "Waliifunga kwa kuyeyusha. Haina mahali pa kufungulia. Nikilazimisha, yote inavunjika. Nisamehe."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Akaichukua, akaishika kifuani. Machozi yalimshuka na hakuyafuta.

"Na hii yako? Kioo kikivunjika?"

"Ninakuja ninakibadilisha."

"Wewe mwenyewe? Si kutuma mutu?"

"Mimi mwenyewe, Mama."

"Kikivunjika tena?"

"Ninakuja tena."

"Hata nikiwa muzee, nimesahau jina lako?"

"Nitakukumbusha, halafu nitakibadilisha."

Mama akageuka. Akaenda kwenye sinia, akaimimina nje ya mlango ile chai ya vuguvugu, yote. Akaagiza jikoni maji yanayochemka, akaisuuza termosi ya Hamimu, akaijaza chai mpya mbele za watu, akaiweka katikati ya mkeka. Kabatini pakabaki wazi. Shangazi alikuwa bado amesimama, na mikononi anakunja ile nailoni iliyopasuka, anailainisha, anaikunja tena, kwa sababu nailoni haitupwi bure.

"Wifi," Mama akamwambia. "Muulize binti tena."

"Wifi, alishaongea! Desturi..."

"Aliongea kuhusu nailoni. Yeye mwenyewe amesema. Muulize kuhusu mutu."

Shangazi akamwangalia Mama, akaiangalia termosi inayotoa moshi, akaniangalia mimi kwa jicho ambalo najua litanidai miaka. Akavuta pumzi.

"Mwanne, binti wa kaka yangu. Hamimu huyu, umemkubali?"

Nilikuwa na mambo mengi ya kusema. Yalikuwa yamenijaa mpaka kwenye meno. Nilitaka kumwambia alivyonitesa kwa kichwa chake kigumu, kwamba kuanzia kesho tutagombana na Jabe nzima, wateja wataendelea kuniuliza ilikuwa ya nani, na mvua ikinyesha nitashuka naye kwenye ule mtaro. Mlangoni Hamimu alikuwa ananitazama, nyusi zake bado zina vumbi jeupe ambalo hakuna aliyemwambia ajifute.

Nikaangalia chini, nikanyamaza.